Saa ya Bahari: Mwongozo Kamili wa Kukokotoa Maji Kujaa na Kupwa kwa Mwezi, Kamba na Daftari

Mwanamke wa Paje au Jambiani, vijiji vya mashariki ya Unguja, anayelima mwani hahitaji kuambiwa kwamba bahari ina hesabu. Anajua kuwa mwezi ukiandama, au ukiwa mpevu, maji yatatoka mbali mnamo saa 4 au saa 5 asubuhi, naye atapata muda wa kufunga taitai (vikamba vyembamba vya kufungia mwani), kuvuna mwani uliokomaa na kurudi ufukweni na gunia lake kabla vigingi havijafunikwa. Wiki moja baadaye, saa ileile na mahali palepale, maji yatakuwa yamejaa. Hakuna aliyemwandikia fomula, lakini kalenda yake ya kazi imejengwa juu ya kuzidisha na kugawanya, na haimdanganyi.

Mimi naamini hili ndilo somo zuri kuliko yote ya hisabati tulilo nalo kwenye mwambao wetu, kuanzia Lamu hadi Mtwara. Inaniuma kuona kijana wa Tanga akikariri mawimbi ya kwenye daftari, huku wimbi kubwa kuliko yote likipita mlangoni kwao mara mbili kwa siku bila mtu kumwonyesha. Basi tulipime. Ukifuata mwongozo huu utaweza kukisia maji yatajaa saa ngapi, yatapanda kiasi gani, na una dakika ngapi za kukaa kwenye mwamba kabla hujageuka kurudi nchi kavu.

Neno moja la usalama kabla hatujaingia ndani. Bandari hutoa majedwali ya maji, na programu za simu zipo. Kama unakwenda baharini kweli, hesabu yako na jedwali vyote viwili viwe mkononi, na vikipingana fuata kile kinachokutaka urudi mapema.

Kinachoivuta bahari

Mwezi huivuta dunia, lakini hauivuti kila upande kwa nguvu sawa. Maji yaliyo upande wa mwezi yako karibu nao, hivyo huvutwa zaidi. Yaliyo upande wa pili yako mbali, huvutwa kidogo kuliko dunia yenyewe, na kwa hiyo yanabaki nyuma. Matokeo yake maji yanainuka pande mbili kwa wakati mmoja, na dunia inapojizungusha ufuo wako hukutana na miinuko hiyo mara mbili. Katika bahari halisi mabara na kina cha maji huivuruga picha hii safi, ndiyo maana mwezi unaweza kuwa utosini na maji yasiwe yamejaa. Kila ufuo una ucheleweshaji wake, na huo tutaupima.

Jua nalo linavuta. Uzito wake ni kama mara milioni 27 ya uzito wa mwezi, kwa hiyo mtu angetegemea limezidi nguvu mwezi kwa mbali sana. Lakini nguvu inayoinua maji hupungua kwa mchemraba wa umbali: kitu kikiwa mbali mara 2, nguvu hiyo inapungua mara 8. Jua liko mbali kama mara 389 kuliko mwezi. Zidisha 389 × 389 × 389, utapata karibu milioni 59. Sasa gawanya 27 kwa 59: jibu ni 0.46 hivi. Jua kubwa namna ile, katika kazi hii, halifikii hata nusu ya mwezi. Isaac Newton ndiye aliyeeleza kwa hesabu, mwaka 1687, jinsi mvutano wa mwezi na jua unavyoinua bahari, na mtu yeyote mwenye kalamu anaweza kurudia mgawanyo huo mezani kwake leo.

Jua na mwezi vikikaa kwenye mstari mmoja na dunia, yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, nguvu zao zinajumlishwa na tunapata bamvua. Mwezi ukiwa nusu, nguvu ya jua inatolewa kwenye ya mwezi, na tunapata maji mafu. Kujumlisha na kutoa. Kila kitakachofuata kinatoka hapo.

Hatua ya 1: Ipate dakika 50 mwenyewe

Wavuvi wanasema maji huchelewa kila siku. Kiasi gani? Mwezi hutumia siku 29.53 kutoka mwandamo mmoja hadi mwingine. Katika siku hizo jua linapita juu yetu mara 29.53, lakini mwezi, kwa kuwa nao unatembea, unapita mara 28.53 tu, umepungukiwa na mzunguko mmoja. Chukua saa zote za mwezi huo, 29.53 × 24, ugawanye kwa 28.53. Utapata saa 24.84, yaani saa 24 na dakika 50.

Hiyo ndiyo siku ya bahari. Nusu yake, saa 12 na dakika 25, ni muda kutoka kujaa hadi kujaa. Robo yake, saa 6 na dakika 12, ni muda kutoka kujaa hadi kupwa.

Jaribu nambari hizi kwa kichwa. Baada ya siku 7 maji yamechelewa 7 × 50, dakika 350, karibu saa 6. Kwa hiyo leo maji yakijaa saa fulani, wiki ijayo saa hiyo yatakuwa yamepwa au karibu na kupwa. Baada ya siku 15 yamechelewa dakika 750, sawa na saa 12 na nusu, na mambo yanarudi karibu yalivyokuwa. Ukikumbuka hili moja tu, tayari unaweza kupanga siku ya kutembea ufukweni na watoto wiki mbili kabla.

Hatua ya 2: Jua mwezi una siku ngapi

Hapa watu wa mwambao tuna bahati, kwa sababu kalenda ya Kiislamu inafuata mwezi na wengi wetu tunajua tarehe yake. Kilele cha bamvua hakiji usiku uleule wa mwandamo au wa mwezi mpevu. Huchelewa siku moja au mbili. Kwa hiyo kitafute kati ya siku ya 1 na ya 3, na kati ya siku ya 15 na ya 17. Maji mafu huja siku 7 au 8 baada ya kilele.

Tarehe ya mwezi inaweza kutofautiana kwa siku moja kati ya mahali na mahali kutegemea mwandamo ulivyoonekana. Usibishane, tazama maji. Siku ambayo yametoka mbali kuliko siku nyingine zote za wiki hiyo ndiyo kilele chako, na kuanzia hapo utahesabu siku 0, 1, 2 na kuendelea.

Hatua ya 3: Pima saa ya msingi ya ufuo wako

Kwenye sehemu kubwa ya pwani ya Tanzania na Kenya, siku ya kilele cha bamvua maji hujaa kati ya saa 10 na saa 11 na ushee, alfajiri na jioni. Hicho ni kipimo kipana mno kwa kazi ya maana. Unahitaji saa ya ufuo wako hasa, na utaipata kwa jioni moja.

Kosa la kawaida ni kusimama na kungoja maji yasimame. Karibu na kujaa, maji hupanda kidogo sana, na kwa nusu saa nzima hutaona tofauti kwa macho. Tumia njia hii badala yake. Chomeka kijiti kwenye maji saa moja hivi kabla ya kujaa, chenye alama iliyo juu kidogo ya usawa wa maji. Andika saa ambayo maji yanaifikia alama yakipanda. Subiri. Andika saa ambayo yanaiacha alama ileile yakishuka. Tuseme yalifika saa 10:05 jioni na kuondoka saa 11:15. Katikati ya hapo ni saa 10:40, na ndiyo saa ya kujaa. Njia hii inafanya kazi kwa sababu, karibu na kilele, wimbi hupanda na kushuka kwa mwendo unaolingana pande zote mbili.

Mawimbi madogo yatakusumbua, alama italowa na kukauka mara kumi kwa dakika. Chukua kipande cha bomba la plastiki, ziba chini, toboa tundu moja dogo karibu na kitako, kisha lisimamishe ndani ya maji ukiwa umelifunga kwenye kigingi. Maji ya ndani ya bomba yataingia na kutoka polepole kupitia tundu lile, hayatarukaruka na kila wimbi. Weka ndani kipande cha kizibo kilichochomekwa ujiti mrefu unaotokeza juu ya bomba, na utaona ujiti unapanda taratibu, bila kuyumba, wakati nje maji yanachafuka. Ni kifaa cha bei ya chai, na vituo vikubwa vya kupima bahari duniani vimetumia kanuni hiyohiyo kwa miaka mingi.

Hatua ya 4: Kokotoa saa ya siku unayoitaka

Zidisha idadi ya siku tangu kilele kwa 50, kisha jumlisha na saa ya msingi.

Mfano: kilele kilikuwa juzi Jumatano, maji yakajaa saa 10:40 jioni. Unataka kujua Jumatatu, siku 5 baada ya kilele. 5 × 50 ni dakika 250, yaani saa 4 na dakika 10. Jibu la kwanza ni saa 2:50 usiku.

Jibu hilo lina kosa, na sipendi miongozo inayoishia hapo. Dakika 50 ni wastani. Karibu na bamvua maji huchelewa kidogo tu kwa siku, kama dakika 35. Karibu na maji mafu ucheleweshaji unaweza kufika saa moja na nusu. Sababu ni jua. Wimbi la jua halichelewi, linarudi kila saa 12 kamili, na linalivuta lile la mwezi upande wake. Kwenye pwani yetu, ambako wimbi la jua ni karibu nusu ya lile la mwezi, masahihisho yanakuwa hivi. Siku ya 1 baada ya kilele punguza dakika 15, siku ya 2 punguza 30, siku ya 3 punguza 45, siku ya 4 na ya 5 punguza saa nzima, siku ya 6 punguza 50, siku ya 7 punguza 20. Kisha mambo yanageuka: siku ya 8 ongeza dakika 30, siku ya 9, 10 na 11 ongeza saa nzima, siku ya 12 ongeza 45, siku ya 13 ongeza 30, siku ya 14 ongeza 15.

Rudi kwenye mfano. Saa 2:50 usiku, toa saa moja, ni saa 1:50 usiku. Kupwa kwa mchana kulitangulia kwa saa 6 na dakika 12, kwa hiyo ni saa 7:38 mchana. Kujaa kwa asubuhi ni saa 12 na dakika 25 kabla ya kule kwa usiku: saa 1:25 asubuhi.

Angalia ubaya wa kuacha masahihisho. Bila hayo ungedhani maji yanaendelea kutoka hadi saa 8:38 mchana, na ungekuwa bado uko mwambani wakati yamekwisha kugeuka saa nzima iliyopita. Katika wiki inayofuata bamvua maji hutangulia hesabu ya wastani. Wiki inayofuata maji mafu huchelewa. Anayejifunza kitu kimoja tu kwenye hatua hii ajifunze hicho.

Hatua ya 5: Pima maji yanapanda kiasi gani

Penye gati ambalo maji hayakauki chini yake, kazi ni rahisi. Funga jiwe kwenye kamba, literemshe kutoka ukingoni hadi liguse maji, pima kamba. Fanya hivyo maji yakijaa na yakipwa. Ikiwa yakijaa kamba ni mita 1.1 na yakipwa ni mita 4.7, tofauti ni mita 3.6. Kwa kila kipimo soma mara kadhaa, wimbi likiwa juu na likiwa chini, uchukue wastani.

Pasipo na gati tumia vijiti viwili, kimoja kwenye ukingo wa maji yaliyopwa na kingine kwenye alama ya maji yaliyojaa, kisha hamisha usawa kutoka kimoja hadi kingine kwa mpira mwembamba unaoonyesha ndani uliojazwa maji, ule mafundi ujenzi wanaotumia kupata levo ya msingi. Ufuo mrefu utahitaji vijiti vya katikati. Ni kazi ya watu wawili na subira.

Pwani ya Unguja na Dar es Salaam, tofauti kati ya mita 3 na 4 wakati wa bamvua ni ya kawaida, na wakati wa maji mafu hushuka hadi karibu mita 1. Kushuka huko hakuendi kwa hatua sawa. Ukianza na mita 3.6 siku ya kilele, siku ya 3 bado utakuwa na 3.0, siku ya 5 ni 2.0, na siku ya 7 ni 1.2. Siku mbili tatu baada ya kilele bamvua bado lina nguvu, jambo linalowapa wakulima wa mwani na wasaka pweza siku kadhaa za kazi kila wiki mbili.

Hatua ya 6: Gawanya kwa kumi na mbili

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote. Maji hayapandi kwa kasi moja. Yanaanza polepole, yanakimbia katikati, kisha yanapunguza mwendo. Mabaharia wana kanuni ya kukisia: gawanya tofauti nzima kwa 12. Saa ya kwanza baada ya kupwa maji hupanda sehemu 1, saa ya pili sehemu 2, saa ya tatu sehemu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Jumla 12.

Kwa bamvua la mita 3.6, sehemu moja ni sentimita 30. Tuseme yamepwa saa 4:30 asubuhi:

hadi saa 5:30 yamepanda sentimita 30;
hadi saa 6:30, sentimita 90;
hadi saa 7:30, mita 1.8;
hadi saa 8:30, mita 2.7;
hadi saa 9:30, mita 3.3;
hadi saa 10:30, mita 3.6.

Nusu ya kupanda kote imetokea ndani ya saa mbili tu za katikati. Mwanafunzi aliyefika kwenye kosaini atatambua umbo hili mara moja: chukua mzunguko wa nyuzi 180 ugawanywe kwa saa 6, kila saa ni nyuzi 30, na urefu uliopanda ni nusu ya tofauti ukizidisha na (1 − kosaini ya pembe). Kwenye nyuzi 60, yaani saa ya pili, inatoka robo kamili, sawa na 3 kati ya 12. Kwenye nyuzi 90 inatoka nusu. Kanuni ya baharia na fomula ya darasani zinakutana.

Hatua ya 7: Geuza kina kiwe umbali, kisha kiwe dakika

Kina peke yake hakimwambii mtu akimbie. Kinachomfukuza ni ukingo wa maji unaotembea juu ya mchanga, na kwenye fuo tambarare za mashariki ya Unguja unatembea haraka.

Hesabu hatua zako kutoka alama ya kujaa hadi alama ya kupwa siku ya bamvua, uzidishe kwa urefu wa hatua yako. Tuseme ni mita 1,080. Gawanya kwa 3.6: unapata 300. Maana yake, kila mita moja ya kina inafunika mita 300 za ufuo. Katika saa ya tatu maji yanapanda sentimita 90, kwa hiyo ukingo unasogea mita 270 kwa saa, mita 4 na nusu kila dakika. Mtu mzima kwenye mchanga mgumu atautangulia bila shida. Mtoto, au mtu mwenye gunia la mwani bichi kichwani na maji ya magoti, ni habari nyingine.

Lakini hatari kubwa haiko mbele yako, iko nyuma. Ufuo ni nadra uwe mteremko ulionyooka. Mara nyingi kati ya mwamba na nchi kavu kuna bonde, na maji hulijaza bonde hilo wakati wewe bado umesimama pakavu ukiinama kutafuta chaza. Kwa hiyo pima bonde, usipime mahali ulipo. Maji yakiwa yamepwa kabisa, vuka bonde na uangalie kina chake. Tuseme ni sentimita 50, magotini. Umejiwekea kikomo cha sentimita 90, kiunoni. Zimebaki sentimita 40 za kupanda. Kwa jedwali la juu, 30 zinaisha katika saa ya kwanza. 10 zilizobaki ni moja ya sita ya sentimita 60 za saa ya pili, yaani dakika 10. Una saa 1 na dakika 10 baada ya kupwa. Ondoa dakika 30 za tahadhari, kwa kuwa saa yako inaweza kukosea. Zimebaki dakika 40. Ukitembea mita 40 kwa dakika ndani ya maji na bonde liko mita 400 nyuma yako, dakika 10 nyingine ni za njia. Basi anza kurudi dakika 30 baada ya kupwa, si zaidi. Ukiwa na watoto, geukeni maji yakiwa bado yanatoka.

Yanayoiharibu hesabu

Mwezi hauko umbali uleule siku zote. Ukiwa karibu uko kama kilomita 363,000, ukiwa mbali ni 405,000. Gawanya, unapata 1.116, ipandishe kwa mchemraba, ni 1.39. Nguvu imeongezeka karibu asilimia 40 kwa tofauti ya umbali inayoonekana ndogo. Bamvua likiangukia siku ambazo mwezi uko karibu, litakuwa kubwa kuliko ulilopima. Machi na Septemba, jua linapopita juu ya ikweta, ndipo mabamvua makubwa ya mwaka hutokea. Miezi hiyo maji hutoka mbali mno, kisha hurudi kwa kasi inayolingana na huko kutoka.

Hewa nayo ina uzito. Shinikizo la hewa likishuka kwa hektopaskali 1, bahari huinuka kama sentimita 1. Upepo wa nguvu unaovuma kuelekea nchi kavu husukuma maji juu zaidi na kuyachelewesha kutoka. Na ndani ya vihori na midomo ya mito, kwenye mikoko, maji hufika yamechelewa, huingia kwa muda mfupi na kutoka kwa muda mrefu, kwa hiyo saa 6 na dakika 12 haifai huko. Mahali kama hapo pima saa ya msingi ya kujaa na ya kupwa kila moja peke yake.

Hatua ya 8: Tenganisha wimbi la mwezi na wimbi la jua

Hatua hii ni ya wanaotaka kwenda mbele, na walimu wa sekondari wataifurahia. Unachokiona ufukoni ni mawimbi mawili makubwa yaliyopandana: la mwezi, lenye saa 12.42, na la jua, lenye saa 12. Ni kama wapiga ngoma wawili ambao mmoja ana haraka kidogo. Kuna wakati mapigo yanaangukiana na sauti ni kubwa, kisha yanaachana.

Yanakutana kila baada ya muda gani? Zidisha 12 × 12.42, upate 149.04. Gawanya kwa tofauti yao, 0.42. Ni saa 355, yaani siku 14.8. Ndiyo nafasi kati ya bamvua na bamvua, na ni nusu ya zile siku 29.53 tulizoanza nazo.

Ukubwa wa kila wimbi unatoka kwenye vipimo vyako viwili. Siku ya bamvua mawimbi yanajumlishwa, siku ya maji mafu yanatolewa. Ukipima 3.6 na 1.2, jumlisha: 4.8, gawanya kwa 4, wimbi la mwezi lina kimo cha mita 1.2 kutoka usawa wa kati. Toa: 2.4, gawanya kwa 4, la jua ni 0.6. Tunagawanya kwa 4 kwa sababu tofauti ya kujaa na kupwa ni mara 2 ya kimo, na wimbi tunalolitafuta limehesabiwa mara 2 kwenye jumla. Ukiwa na nambari hizo unaweza kuchora mawimbi mawili kwenye karatasi ya grafu, moja juu ya jingine, ukayajumlisha saa kwa saa, na utapata mchoro wa bahari ya ufuo wako kwa wiki mbili zijazo, pamoja na yale masahihisho ya hatua ya 4 bila kuyakariri.

Miaka ya 1870 William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, alibuni mashine ya kapi na uzi iliyofanya kujumlisha huku kwa kuzungusha mkono, wimbi kwa wimbi, na kuchora maji ya bandari ya mwaka mzima. Majedwali ya leo yanajumlisha mawimbi kadhaa zaidi kwa kompyuta, lakini kazi ni ileile.

Daftari lako

Weka safu sita: tarehe ya kawaida, siku tangu kilele, saa ya kujaa uliyokokotoa, saa uliyopima, tofauti, na upepo. Pima angalau siku ya kilele, siku ya 3, ya 5 na ya 8. Ukiona saa uliyopima inazidi ile uliyokokotoa kwa kiasi kilekile kila siku, saa yako ya msingi imekaa vibaya. Isogeze kwa kiasi hicho. Ukiona tofauti inakua kuelekea siku ya 5 kisha inapungua, wimbi la jua la ufuo wako si nusu ya lile la mwezi. Rudia kipimo cha maji mafu, maana ndicho kigumu kupata vizuri, kisha kokotoa upya. Na kama tofauti inaruka huku na huku bila mpangilio, tazama safu ya upepo kwanza, kisha kagua tundu la bomba kama halijazibwa na mchanga.